Hoteli ya Jina au Hoteli ya Mwenyewe? Mwongozo kwa Mtu wa Nkoaranga Anayevuka Mpaka

Kabla hujaanza kutazama picha za vitanda kwenye simu, jiulize kwanza: anayelipa ni nani? Wataalamu wa utalii huanza na mandhari, usalama na umbali kutoka uwanja wa ndege. Wanazunguka mbuyu. Mtu anayeteremka kutoka Nkoaranga, miteremkoni mwa Mlima Meru, kwa bodaboda, begi mapajani, kwenda kupanda ndege KIA, hoteli yake ameshaichagua siku ile alipojua fedha zinatoka mfuko gani.

Kama ni mwaliko na mwenyeji ameshakuwekea chumba, huna la kuchagua: vua viatu, ulale. Kama ofisi inailipa hoteli moja kwa moja, dai yenye jina kubwa, tena inayong'aa kuliko zote, kwa hoja kwamba heshima ya taasisi iko hatarini. Lakini kama umepewa posho ya kujikimu mkononi, kiwango kilekile ulale kwenye zulia au kwenye sakafu ya simenti, basi hapo ndipo mapenzi ya hoteli ndogondogo huzaliwa. Mtumishi ambaye akiwa Dodoma hapati usingizi bila kiyoyozi, akifika ughaibuni anagundua ghafla raha ya kuishi na wenyeji. Utamsikia akisifia utulivu wa mtaa, ukarimu wa mama mwenye nyumba, hata supu. Anachokisifia ni tofauti kati ya dola alizopewa na dola alizolipa, na tofauti hiyo ikifika nyumbani inaitwa mabati ya banda la ng'ombe. Kwa msafiri wa namna hiyo somo limeisha. Anaweza kubaki kwa adabu tu.

Tunaobaki ni sisi wa mfuko wetu: anayefuata mitumba Gikomba na vitambaa Eastleigh kule Nairobi, anayekwenda Deira kule Dubai kutafuta vipuri, mama anayekwenda kumwona mjukuu Marekani lakini mkwe ana vyumba viwili tu, mchungaji aliyejiongezea siku mbili baada ya mkutano Leipzig, ambako ndiko walikotoka wamisionari waliofungua kituo cha Nkoaranga.

Sasa tuzijue hizo hoteli. Hoteli ya jina ni ile ambayo jina lake linawaka juu ya paa, na jina hilohilo utalikuta Nairobi, Dubai na Frankfurt. Wasomi huziita hoteli za cheni. Hoteli ya mwenyewe ni ile ambayo ukiuliza mwenyewe yuko wapi, unaonyeshwa mtu aliyevaa kandambili anayemwagilia maua.

Lakini usidanganyike na zile taa. Mara nyingi jina lililoko juu ya paa halimiliki hata mto wa kulalia. Jengo ni la tajiri fulani, au la mfuko wa pensheni, au la serikali. Kampuni yenye jina hukodisha jina lake, hutoa kitabu kinene cha masharti kuhusu unene wa taulo na namna ya kupokea simu, kisha huchukua asilimia yake kila mwezi. Siku mkataba ukiisha jina linashushwa, jengo linabaki palepale, na mara nyingi wapishi ni walewale.

Sisi wa Arusha haya tumeyaona bila kupanda ndege. Ile hoteli iliyo jirani na mnara wa saa inajitangaza kuwa ipo tangu 1894. Imeitwa Arusha Hotel, ikaitwa New Arusha, na miaka ya karibuni ikaingia katika ukoo wa Four Points by Sheraton, ambao nao uko chini ya Marriott. Mount Meru Hotel, wapo wazee ambao mpaka leo wakikuelekeza wanaiita Novotel, ingawa Novotel wenyewe walishaondoka zamani. Dar es Salaam, hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965 imekuwa ya serikali, ikawa Kempinski, kisha Hyatt Regency, na bahari inayoonekana dirishani haijabadilishiwa jina hata mara moja. Kwa hiyo mtu akikuringia kwamba yeye hulala kwenye hoteli za jina peke yake, muulize: jina la mwaka gani?

Jina hilo linauza nini basi? Linauza kutoshtuka. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna mwaka mmoja unaotuhusu.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Watu wakachangishana, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York kuusema mgogoro huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo, kusini mwa Marekani hiyohiyo, katika mji wa Memphis, mfanyabiashara aitwaye Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza. Mwaka mmoja kabla alikuwa amesafiri kwa gari na mkewe na watoto wao watano, akachukizwa na hoteli za njiani zilizomtoza dola mbili za ziada kwa kila mtoto. Akaapa kujenga hoteli zake mwenyewe, watoto walale bure, na chumba cha mji huu kifanane na cha mji ule, ili baba wa watu asiingie kwa wasiwasi. Wazo zuri. Limeenea dunia nzima.

Ila Memphis ya 1952 ilikuwa mji wa ubaguzi, na hoteli za Wazungu hazikumpa mtu mweusi chumba. Mjumbe wa Wameru, aliyesikilizwa na mataifa kule New York, angeteremka Memphis angekosa kitanda kwenye hoteli hizo, hata angekuwa na dola mbili za ziada. Sheria iliyokataza mambo hayo kwa nchi nzima ilikuja 1964. Kabla yake, Mmarekani mweusi aliyekuwa safarini alitegemea kijitabu cha Victor Hugo Green, mgawa barua wa Harlem, kilichoanza kutoka 1936, chenye orodha ya mahali ambapo angepokelewa: hoteli ndogo za weusi wenzake, na nyumba za watu wenye chumba kimoja cha akiba. Hoteli za mwenyewe, kwa maneno mengine. Kutoshtuka kulikuwa kwa Wilson na wanawe. Wengine walijua watashtuka, wakabeba kijitabu.

Leo mizani imegeuka kidogo, na hili liandike kwenye daftari. Kampuni kubwa ina mawakili na inaogopa kesi, kwa hiyo ukitokea mapokezi na pasipoti ya Tanzania na uso wako ulivyo, watakuchekea hata kama hawajafurahi. Mwenye vyumba sita haogopi kesi. Ana mbwa. Wengi wao ni watu wema kabisa, lakini wema wao hujaufanyia majaribio, na saa tano usiku si wakati wa majaribio.

Tuje kwenye utaratibu.

Unaomba viza. Balozi za nchi za Schengen zinataka ushahidi wa mahali utakapolala. Hapa hoteli ya jina inashinda mbio kabla hazijaanza: unabonyeza, barua inakuja, na ukichagua chumba kinachoruhusu kughairi hukatwi kitu. Hoteli ya mwenyewe unaiandikia Jumatatu, mwenyewe anajibu Alhamisi kwa sababu alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake, halafu anataka nusu ya malipo itumwe kwa benki. Ukimaliza kulipia gharama za kutuma kutoka Arusha, unajua ungeweza kulala huko usiku mmoja zaidi. Wapo wanaoweka hoteli ya jina kwa ajili ya ubalozi, viza ikitoka wanaifuta na kwenda kulala kwa binamu. Mimi siwafundishi hilo. Najua tu kwamba afisa wa uhamiaji kule ng'ambo huuliza unalala wapi, na ana simu mezani, na hoteli kubwa hupokea simu haraka sana.

Unakwenda Guangzhou? China kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Ukilala hotelini, hoteli inakuandikisha pale mapokezi. Ukijibana kwa rafiki kule Xiaobei ili uokoe nauli ya kontena, huenda ni nyinyi wawili mtakaokwenda kituo cha polisi kupanga foleni, naye rafiki atakuwa amekosa siku ya kazi. Hesabu hiyo pia kwenye bei.

Halafu kuna kadi. Mapokezi ya hoteli ya jina wanaomba kadi ya benki hata kama umeshalipa kila kitu. Wanazuia kiasi fulani kama dhamana, usije ukanywa vilivyomo kwenye friji ukatoroka. Kwa Mzungu mwenye kadi ya mkopo hilo si neno. Zinazoshikwa ni fedha za benki. Wewe mwenye kadi ya kawaida, iliyobeba mauzo ya kahawa na ndama mmoja, zinazoshikwa ni zako. Utaziona kwenye akaunti lakini huwezi kuzigusa, na zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Beba akiba nyingine. Eastleigh hawana shida hiyo: unalipa taslimu kabla ya kupewa ufunguo, na dhamana yao ni askari mlangoni anayetazama zaidi begi linalotoka kuliko mtu anayeingia.

Dubai, ukilala hoteli kubwa ya ufukweni au kichumba cha Deira chenye dirisha linalotazama ukuta, kuna tozo iitwayo Tourism Dirham ya kulipia kila chumba kila usiku, kati ya dirham 7 na 20 kufuatana na daraja. Miji mingi ya Ulaya nayo ina kodi ya mgeni. Usimgombeze kijana wa mapokezi, hajaitunga yeye.

Nyota nazo zisikupe kizunguzungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli za nchi wanachama. Nje ya hapo kila nchi ina vyake, na nyota tatu za huku si dada wa nyota tatu za kule. Soma maoni ya wageni, tena anza na mabaya. Hoteli ya jina hujibu malalamiko yote kwa sentensi moja: tunashukuru kwa maoni yako, tutayafanyia kazi. Panya, kelele, bomba kupasuka, jibu ni lilelile. Mwenyewe hujibu kwa mkono wake. Anaeleza kwamba bomba lilipasuka kwa sababu mgeni alitundika jinzi, kwamba mgeni huyo alikuja na watu ambao hawakuandikishwa, na kwamba karibu tena. Ukimaliza kusoma majibu matatu ya namna hiyo unamjua mwenye nyumba kuliko unavyomjua mjumbe wako wa nyumba kumi. Mimi hoteli nyingi nimezichagua kwa ugomvi wa mwenyewe. Mtu anayetetea bomba lake hadharani hawezi kukuacha ulale bila maji.

Suala la saa ya kufika ni zito na watu hulipuuza. Ulaya, hoteli ndogo ya familia hufunga mapokezi jioni, ikifika saa mbili au tatu hakuna mtu. Ufunguo unaachwa kwenye kisanduku ukutani chenye namba za siri, na namba hizo zimetumwa kwenye barua pepe yako, na barua pepe inataka intaneti, na intaneti iko ndani, nyuma ya mlango uliofungwa. Nje ni Januari. Kwa hiyo: ndege ikitua jioni, usiku wa kwanza lala hoteli ya jina, ambako kuna mtu macho usiku kucha, ana maji ya moto na anajua namba ya gari la wagonjwa. Asubuhi hamia kwa mwenyewe. Ukitua mchana na afya yako, nenda kwa mwenyewe moja kwa moja.

Sasa tuseme ukweli kuhusu macho ya watu. Kwetu huwezi kupita kwa jirani na kilo ya nyama bila kusalimiwa, na ndani ya salamu kuna swali, na ndani ya swali kuna mgeni wako. Gesti zetu zimeurithi utaratibu huo: kile kitabu kikubwa cha wageni kinataka jina, kabila, utokako, uendako na kazi, na mhudumu anakisoma taratibu huku akikutazama. Ukikulia hapo, unadhani utafurahia hoteli ambayo hakuna anayekujua. Siku ya kwanza unafurahia kweli. Watu wa mapokezi wanakuita kwa jina lako kwa sababu limetokea kwenye kioo cha kompyuta, wewe unadhani umependwa. Siku ya tatu unaanza kumsalimia mlinzi kwa urefu usio wa kawaida, unamuuliza kwao wapi, watoto wangapi, na yeye anaangalia saa.

Kwa mwenyewe mambo ni kinyume. Mama mwenye nyumba wa Kampala atataka kujua mbona jana hukula. Atakuuliza umeoa, na kama hujaoa ana binti wa dada yake anasoma Makerere. Ukirudi saa saba usiku atakufungulia mwenyewe, kanga begani, bila kusema neno, na utatamani aseme. Kesho yake ukiugua ni yeye atakayekutafutia daktari, na daktari atakuwa shemeji yake. Msafiri anayekwenda ng'ambo ili apumzike na maswali aende kwenye jina kubwa, alipe zaidi. Mimi nitakwenda kwa mama, nitadanganya kidogo kuhusu ndoa.

Pointi. Hoteli za jina zitakuandikisha kwenye klabu yao bure, upate pointi kila ukilala, na pointi zikijaa upewe usiku wa bure. Pokea, maana wakati mwingine unapewa chupa ya maji. Ila fanya hesabu: mtu anayevuka mpaka mara moja kila miaka michache, kwa mwendo huo usiku wake wa bure utamkuta amestaafu, na klabu nyingi hufuta pointi ukikaa muda mrefu bila kulala kwao. Kitakachobaki ni barua pepe, na hizo hazifutiki. Mwenyewe hana klabu. Ukirudi mara ya pili anakupunguzia kwa mdomo, mbele ya mgeni mwingine, ili naye arudi.

Chakula cha asubuhi kimeharibu mahesabu ya watu wengi. Bufee ya hoteli ya jina ni ndefu na inatisha, na desturi ya msafiri wetu ni kula mpaka chakula cha mchana kiwe hakina maana. Hakuna ubaya. Ila ukifika Ujerumani jiandae kwa ndizi. Zitakuwa kwenye bakuli, njano zote, kila kishada na stika inayoonyesha zimetoka Ecuador au Colombia, na wewe kihamba chenu kina aina zaidi ya unazoweza kuzitaja kwa pumzi moja. Usimhutubie mhudumu. Kahawa ndiyo itakuumiza zaidi: chumbani utakuta kipakiti cha unga wa kahawa wa kukoroga, wewe ambaye baba yako aliuza arabika safi kwa chama cha ushirika msimu baada ya msimu. Kwa mwenyewe kahawa inachemshwa na mtu, na ukimweleza mlima Meru uko wapi anaweza kukuuliza kama unaweza kumletea kilo mbili. Hapo umepata biashara, au umepata mtu wa kukusumbua kwenye WhatsApp mpaka Krismasi.

Unapoondoka: sabuni ndogo na kofia ya kuogea ni zako, beba bila aibu. Taulo si yako. Kandambili za kitambaa cheupe ndani ya karatasi ni zako, na mama mzaa chema atazivaa kanisani. Zile za mpira zenye kona iliyokatwa kisu ziache. Zimekatwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Mwisho ni namna ya kusimulia. Ukirudi, sokoni Tengeru siku ya Jumamosi utaulizwa ulilala wapi, na hapo hoteli ya mwenyewe haina msaada. Ukisema ulilala kwa mama fulani wa Kampala, mazungumzo yanahamia bei ya mbegu za mahindi. Ukitaja jina kubwa, watu wanasogea. Ukiamua kutaja, basi taja lililo hai. Wapo wanaorudi kutoka Nairobi wakiapa kwamba wiki iliyopita walilala Hilton pale katikati ya jiji, lile jengo la mviringo, wakaona mji wote kutoka juu. Hilton ile ilifunguliwa 1969 na ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Sema Sarova Stanley. Ile bado ipo, na hakuna atakayekudai risiti.